Nilivyolifuata Ombi la Pampu kutoka Kinango hadi Jego

Kilichonitoa nyumbani kilikuwa lawama, tena lawama niliyoamini si yangu. Mimi ni msanifu wa mifumo. Shangazi zangu wakiniuliza kazi hiyo ndiyo ipi, huwajibu kwamba nachora mashirika: nani anafanya nini, habari inatoka kwa nani kwenda kwa nani, na inabebwa na chombo gani. Wao hunisikiliza kwa adabu, halafu huuliza kama bado natengeneza kompyuta.

Miaka kadhaa nyuma nililichorea shirika moja la maji la pwani ya kusini mchoro ulionipatia sifa, na juu ya mchoro huo ukajengwa mfumo wa kuombea vipuri vya pampu za mkono. Mwenyekiti wa pampu kijijini hutuma ombi kwa simu, ofisi ya Ukunda hulipokea, stoo ya Msambweni hulijibu. Rahisi kabisa. Sasa mkurugenzi alinipigia kuniambia maombi yanaingia na hayatoki, na akanitaka nije nimwonyeshe ni nani aliyeyakalia. Nikafunga begi bila wasiwasi hata chembe. Nilikwenda kumtafuta mkosaji.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilitoka Mombasa kwa kigari changu nikapita Dongo Kundu. Nilipofika Ukunda, pale Kona ya Musa, wauza maembe walikuwa bado wanapanga mafungu. Ofisi ya shirika iko orofani, juu ya duka la magodoro. Mkurugenzi, Bwana Mutua, ni mtu wa bara aliyekulia kwenye shamba walilogawiwa wazazi wake na serikali, huku huku Kwale. Ni mchapakazi na hana subira.

"Madam, sistimu iko sawa," aliniambia kabla sijakaa. "Shida ni huyu mzee wa stoo, Mbwana. Haandiki ndiyo, haandiki hapana. Amenyamaza tu. Andika ripoti nimtoe, tuendelee."

Maneno hayo yalinipendeza kuliko ilivyopasa. Hata hivyo nina desturi moja nisiyoiacha: kabla ya kuhukumu mfumo, nachagua ombi moja na kulifuata kwa miguu yangu, kituo kwa kituo, tangu linapozaliwa. Nilichagua lililokwama zaidi ya mwezi mzima, la kijiji kimoja mbele ya Kinango. Lilikuwa ombi la mpira wa pistoni, kitu kidogo kinachoenea kiganjani. Bila mpira huo, pampu hupanda na kushuka na haitoi kitu.

Adhuhuri nilikata Kombani, nikapanda Kwale kwenye hewa ya baridi, kisha nikaanza kuteremkia upande wa pili ambako kijani hupungua kila unaposogea. Kinango palikuwa na vumbi na mbuzi wa mnadani. Kijijini nilimkuta Bi Mejumaa, mwenyekiti wa pampu, mama wa makamo mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikalisha na kunipa sima na mboga ya mchunga. Maji ya kunawa alinimiminia nusu kikombe, na hakuomba radhi kwa uchache wake.

"Mwanangu, umekuja kwa heri ama kwa shari?" aliniuliza. "Kwa maana mimi Alhamisi natolewa."

Akanieleza. Pampu ilipokufa, kina mama walitaka kumtuma mtu Mombasa akautafute mpira huko. Yeye akawazuia. Shirika limejibu, aliwaambia, kipuri kinakuja, tusubiri. Wakasubiri, huku wakichota maji kwenye bwawa lililokuwa linageuka tope, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi. Sasa wamechoka. Wanasema Bi Mejumaa amewadanganya, na Alhamisi wanakaa kikao wamchague mwingine.

"Shirika lilikujibu nini hasa?" nikauliza.

Alinipa simu yake. Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi ile ile: *Ombi lako linashughulikiwa. Tafadhali subiri.* Juu yake palikuwa na mwingine wa Jumatatu iliyotangulia, na mwingine, na mwingine, yote sawasawa neno kwa neno.

Ujumbe ule niliuandika mimi. Niliuweka uwe unajituma wenyewe kila Jumatatu, mpaka stoo itakapojibu, ili mwombaji asijihisi ametupwa. Nilijisifu nao kwenye mikutano. Nilimrudishia Bi Mejumaa simu yake, na sikumwambia kwamba mwandishi ni mimi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne, saa tatu, nilifika Msambweni. Stoo ni chumba kirefu chenye rafu za mbao, kila kipuri kimefutwa vumbi na kuwekwa mahali pake. Mzee Mbwana alikuwa amevaa kofia iliyopigwa pasi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikuja na moyo wa kumkemea. Nilipomaliza kusalimiwa mimi, na wazazi wangu, na watoto wangu, na gari langu, chai ya tangawizi na viazi vya karai vilikuwa mezani, na ukali wote umenitoka. Watu wa kusini watakumaliza kwa ukarimu kabla hujafungua mdomo.

Tulipokuwa tunakunywa, jirani mmoja alibisha hodi. Alitaka kuazima ngazi.

"Karibu, karibu," Mzee Mbwana alimwambia. "Ngazi yetu ilivunjika. Lakini nenda kwa Salimu, yule fundi rangi. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma, atakupa."

Jirani akashukuru, akaenda zake ameridhika, kana kwamba ngazi amekwisha kuipata. Mimi nikafungua orodha ya maombi kwenye simu ya stoo. Lile la Kinango lilikuwapo pamoja na wenzake, halijaguswa.

"Mzee wangu, mipira ya pistoni unayo?"

"Iliisha zamani, mwanangu."

"Basi mbona hukubonyeza 'Kataa'?"

Akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza aliniangalia kana kwamba nimekosa adabu.

"Nimkatae mama wa watu anayeomba maji? Nimwandikie 'Imekataliwa', hivyo, bila salamu, bila neno? Hapana. Sikulelewa hivyo."

"Sasa ukafanya nini?"

"Nilipiga simu kituo chetu cha Jego. Kule wana mipira ya kutosha. Riziki, yule fundi, akaniambia hawezi kutoa bila karatasi ya Ukunda. Nikapiga Ukunda, kijana wa ofisini akasema ataangalia. Kila wiki napiga. Wewe tazama hapa, pana 'Kubali' na pana 'Kataa'. Mtu muungwana atabonyeza wapi?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa milango miwili, mmoja wa uongo na mmoja wa ufidhuli, na yeye akasimama nje. Huku hakuna mtu anayemwambia mwenye shida hapana akaishia hapo. Humwelekeza mbele, tena kwa jina na kwa salamu. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu kwa habari ya ngazi, nami nimezaliwa mwendo wa saa moja tu kutoka hapo. Mamangu hufanya vivyo hivyo kila siku ya Mungu. Mchoro nilikuwa nimeuchorea Nairobi, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na sikumuuliza mtu hata mmoja anayeishika kazi.

"Aliyeutunga mfumo huu ni nani?" akaniuliza.

"Ni mimi, mzee."

Akaipangusa miwani. "Mashallah," akasema. "Rangi zake ni nzuri."

Nimewahi kutukanwa kwa sababu ya kazi yangu, lakini hakuna tusi lililonichoma kama sifa ile.

Jioni hiyo, nikiwa nimelala kwa jamaa zangu Msambweni, niliutoa mchoro nikauchambua upya. Mishale yote ilikuwa inaingia Jego, hakuna hata mmoja uliotoka. Kwangu mimi Jego ilikuwa mahali pa kupokea tu, kwa hiyo kisheria haikuwa na uwezo wa kumpa mtu kitu. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyezembea. Kila mtu alikuwa ameufuata mchoro wangu kwa uaminifu, na maji hayakutoka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano niliendesha hadi Lunga Lunga, nikakata kushoto kuelekea Jego. Riziki, fundi wa kituo, ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana mikono yenye nguvu na maneno machache. Alinifungulia kabati. Mipira ilikuwa imepangwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, masalio ya mradi uliokwisha. Nikampigia Bwana Mutua hapo hapo nikamwomba ruhusa. Akaitoa kwa dakika moja, halafu akashangaa mbona hakuombwa zamani.

"Kijana wa ofisini kwako aliombwa," nikamwambia. "Ila hakuwa na pa kuandika."

Tulikula wali wa nazi, mchele wa mashamba ya huko huko, na Riziki akaniuliza swali moja tu.

"Huyo mama wa Kinango, akitolewa kesho asubuhi na mpira ukafika jioni, itakuwa imemfaa nini?"

Tukaondoka alfajiri.

Alhamisi, saa nne kasorobo, tulifika kijijini. Kina mama walikuwa wamekwisha kukaa kuizunguka pampu, madumu matupu yako pembeni, na Bi Mejumaa ameketi mbele yao peke yake. Riziki alishika spana akitaka kuanza kazi. Nikamzuia. Nilijua kwamba maji yakitoka kwanza watu watashangilia, neno litapotea, na Bi Mejumaa atabaki na jina la uongo. Nikaomba nafasi ya kusema.

Aliyekuwa anaongoza kikao aliitwa Mbeyu, mama kijana mwenye mtoto mgongoni. "Sema," aliniambia. "Lakini sisi hatumtoi mwenzetu kwa ubaya. Tumeliamini neno lake mwezi mzima, na madumu ni makavu."

"Bi Mejumaa hakusema uongo," nikasema. "Aliwasomea ujumbe alioletewa. Ujumbe ule niliuandika mimi, na simu ilikuwa inautuma yenyewe."

"Yenyewe?" Mbeyu akaniuliza. "Kwa hiyo kule ofisini hakuna mtu aliyekuwa analijua ombi letu?"

"Mzee wa stoo alilijua, akalihangaikia. Hakuwa na njia ya kuwaambia. Njia hiyo ni mimi niliyeisahau."

"Basi ule ujumbe, kila Jumatatu, mlikuwa mnashughulikia nini?"

Nimejibu maswali ya wakurugenzi na ya wafadhili, na maneno huwa hayanipigi chenga. Siku hiyo nilikuwa na jibu moja.

"Hatukuwa tunashughulikia kitu," nikasema. "Nisameheni."

Bi Mejumaa akasimama. "Kikao hakijafungwa," akasema kwa ile sauti yake. "Anayetaka nitoke, na anyoshe mkono."

Hakuna aliyenyosha. Mbeyu alicheka kwanza, kisha wengine wakafuata, na Riziki akaanza kufungua nati. Saa moja baadaye maji yalitoka, mekundu ya kutu mwanzo, halafu meupe. Bi Mejumaa alinishika mkono. "Umeniondolea fedheha, mwanangu," akaniambia. "Lakini siku nyingine niambieni kwamba hakuna. Mngeniambia siku ya kwanza, ningemtuma mwenzangu Mombasa na tungekuwa tunaoga." Kabla sijaondoka, Mbeyu aliniomba namba ya simu yangu. Aliiandika kwa mkaa kwenye saruji ya pampu, tarakimu kubwa kubwa, na chini yake akaandika: *Mwenye mfumo.*

Ijumaa asubuhi, Ukunda, niliutandaza mchoro mpya mbele ya Bwana Mutua. Tuliuchora watatu usiku uliotangulia, mimi na Mzee Mbwana na Riziki, kwenye meza ya stoo, na viazi vya karai vikauachia alama za mafuta. Stoo ina kitufe cha tatu: *Sina, nimekuelekeza kwa*, na hapo ni lazima liandikwe jina la mtu na siku. Jego sasa inaweza kutoa. Ujumbe wa Jumatatu nimeuzima. Na kila kituo kwenye mchoro kina jina la mtu anayekijibia, sio la idara.

"Na ripoti ya mkosaji?" akauliza.

"Iko ukurasa wa kwanza."

Akaisoma, akakuta jina langu. "Sawa," akasema. "Mzee Mbwana abaki. Na wewe usiende mbali."

Tangu hapo sichori shirika kabla sijatembea na ombi moja mpaka mwisho wake, na nikifika kwa watu nauliza kwanza wao husemaje wanapokuwa hawana. Hayo niliyapata kwa siku tano na tangi moja la petroli. Alasiri ya Ijumaa hiyo nilikuwa nimekwisha kuvuka Dongo Kundu, nimeegesha nyumbani, simu ilipolia kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa kijiji kingine, aliyekuwa amepita kwa kina Mbeyu kuteka maji akaiona namba kwenye pampu.

"Wewe ndiye mwenye mfumo?"

"Ndiye mimi."

"Pampu yetu imekatika mnyororo. Mtatuletea?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema ombi linashughulikiwa. Nikauzuia. "Sijui kama upo, dadangu," nikamwambia. "Nitauliza, na ukikosekana nitakwambia. Kabla ya magharibi."

Nilipiga Msambweni, nikapiga Jego. Haukuwepo kote kuwili. Jua lilikuwa halijazama nilipompigia nikamwambia hakuna, na nikamtajia jina la fundi wa Likoni anayeweza kumchomea mnyororo mwingine.

"Ahsante," akasema. "Basi kesho alfajiri natoka."