Lulu Ndani ya Beseni

Bi Muzna wa Malindi, hapa Unguja, anafuga kuku watatu uani kwake. Yeye hawali, wala hawauzi. Miye muuza kuku, nilianza na tenga moja juu ya baiskeli, leo nna banda Bububu, na kwangu kuku ni uzito na afya, basi. Ndiyo maana nilikuwa nikimcheka mama huyu, mshona kofia wa miaka sitini na nane: kila Ijumaa huwakosha kuku wake kwa maji ya uvuguvugu, akawasugua miguu, akawapunguza kucha.

Wiki iliyopita akanipigia simu. "Wakil, njoo na kisu. Lulu anakufa."

Nikenda mbio, maana kuku asipowahiwa kuchinjwa huwa kibudu, haliwi. Nilimkuta Lulu kasimama wima pembeni, mkia chini, anajikamua hapati kitu. Siku ya pili hiyo hajala. Yai limemkwama.

"Shikamoo Bi Muzna. Mlete, asije akatufia."

"Marahaba. Ngoja nimkoshe kwanza."

"Umkoshe wa nini? Anakwenda chunguni, si harusini!"

"Wewe na ulimi wako huo! Kaa hapo juu ya kibao. Ikishindikana, utachinja."

Nikakaa, lakini macho hayakumtoka kuku. Bi Muzna aliyapima maji kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga, akamteremsha Lulu ndani ya beseni mpaka tumboni. Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili unamwagia maji mgongoni, taratibu. Manyoya yaliyogandana nyuma akayakata kwa mkasi wa kofia, akampaka mafuta ya nazi kwa kidole. Lulu akafumba macho, akaiegemeza shingo kwenye kifundo cha mkono wake. Nshashika kuku wasio idadi, wote kichwa chini, miguu juu. Hakuna hata mmoja aliyenifumbia macho.

Ghafla shingo ikalegea. Nikainuka. "Bi Muzna, anakwenda huyo!"

"Kalala. Kaa."

Simu ikalia, mpishi wa hoteli, bila shaka anataka kuku wake. Sikupokea.

Mara Lulu akakakamaa mwili mzima, akatoa sauti nzito kama mtu anayenyanyua gunia. Yai likaanguka majini, likageuka polepole kwenye kitako cha beseni, na uzi mwembamba wa damu nyuma yake.

"Subhanallah," nikasema, kwa sauti ndogo ya msikitini.

Bi Muzna hata hakuliangalia yai. Alishamfunga Lulu kwa taulo, anamweka karibu na chetezo chenye makaa.

"Tia na udi basi," nikamtania.

"Moshi utamdhuru. Joto tu."

Baadaye Lulu akajikung'uta, akadonoa punje za wali. Nikamwomba Bi Muzna anioneshe pale mkono unapokaa. Akanipa kuku mwengine, tukamteremsha pamoja majini. Moyo wa yule kuku ukawa unapiga kiganjani mwangu, mbio kuliko cherehani.

"Usimbane," akasema Bi Muzna. "Mwagia, maji yanapoa."