Ukuta wa Pamba Safi na Pamba Fifi

Mwalimu wa nidhamu alinikamata nikiigiza mwendo wake mbele ya darasa, tumbo mbele, fimbo nyuma. Darasa liliponyamaza nilidhani nimewakuna kweli, kumbe mwenyewe kasimama mlangoni. Adhabu yangu ikawa kupeleka maji kwa wazee wa ghalani kila jioni, kwa baiskeli ya baba, mpaka shule ifungwe.

Ghala lenyewe lilikuwa la chama cha ushirika. Tangu kampuni za watu binafsi ziruhusiwe kununua pamba, malori yao yanaifuata mpaka uani kwa mtu, na chama chetu kimekufa kama kuku wa kideri. Popo wakahamia. Kisha kanisa likaliomba jengo, popo wakatimuliwa, wakaletwa wazee wasio na pa kulala. Anayewatunza ni Sista mmoja mtu wa Songea, mwenye moyo mkubwa na Kisukuma kidogo. Anawasalimia "mwangaluka" saa kumi jioni, nao wanaitikia kama vile ndiyo kwanza kumekucha.

Wazee walinizoea siku ileile, maana babu na bibi hawaombwi ruhusa ya kutaniwa. Bibi mmoja wa kule Lingeka alinichumbia kabla sijatua dumu.

"Ndiyo mume niliyeletewa huyu? Miguu kama njiti za kiberiti!"

"Ukiwasha moto utanishukuru," nikamjibu, akacheka mpaka akakaa chini.

Wanawe walihamisha ng'ombe kwenda Usangu, wakamwambia watamfuata wakishapata malisho. Nadhani bado wanayatafuta. Nyumba yake ililiwa na mchwa, mvua ikamalizia.

Ndipo akaja mzee mmoja. Mrefu, mkimya, aliyekuwa mlinzi wa ghala hilohilo enzi za ushirika. Nyumba ya chama aliyokuwa akikaa iliuzwa, na mnunuzi akamtolea virago vyake nje. Sista akampa kitanda kinachotazamana na cha yule bibi wangu. Mzee aliingia, akainua macho mara moja, akageuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akatoka, akatandika gunia barazani. Bibi naye akajifunika kanga kichwa kizima na kuugeukia ukuta.

"Babu, ndani kuna kitanda," Sista akamwambia.

"Nimekiona, Sista. Kizuri sana."

"Basi njoo ulale."

"Hapa pananitosha."

"Sista, guku, babu yetu huyu, anaogopa wanawake!" nikapaza sauti, nikangoja kicheko. Wazee wale hata nikitamka "chumvi" huwa wanacheka. Safari hii hakucheka mtu. Mzee kipofu, ambaye ndiye mcheshi kuliko wote humo, akanivuta shati.

"Funga bakuli. Yule mayu, yule mama, ni mkwewe."

"Mkwe wa nani?"

"Wa mlinzi. Natoka naye kijiji kimoja, harusi yao nilicheza mimi. Alioa binti wa huyu bibi. Binti amekwisha fariki, lakini ukwe uko palepale."

"Mbona guku ndiye mkubwa kwa umri?"

"Alioa akiwa na mvi. Umri unauleta wa nini? Yule ni mama yake."

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina, hawasemezani moja kwa moja, sembuse kulala chumba kimoja. Hayo nilikuwa nayajua. Ila nilidhani ni mambo ya watu wenye nyumba. Ukiwa na nyumba tatu kwenye kaya yako, kumkwepa mkwe ni kazi ndogo. Hawa hawakuwa na hata mlango wa kujifungia.

Mvua ya kwanza ilipiga kwa ubavu, ikaingia barazani moja kwa moja. Kesho yake nilimkuta mzee anakohoa kikohozi cha kutoka tumboni, na bibi amesimama mlangoni na kifurushi kichwani.

"Mume wangu," akaniambia, "nisindikize stendi."

"Unakwenda wapi?"

"Usangu."

"Usangu ipi? Kule ni kukubwa."

"Nitauliza."

"Na nauli?"

"Nayo nitaiuliza hukohuko. Siwezi kulala pakavu, mume wa mwanangu analowa nje."

Mzee alisikia. Alisimama taratibu, mgongo kwetu, uso mashambani. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea nguzo katikati yao, madumu yanadondosha.

"Wewe baiskeli," akasema.

Nikageuka kumtafuta anayesemeshwa.

"Wewe baiskeli, mwambie mama arudi ndani. Mimi nitapata pa kwenda."

Bibi akavuta kanga usoni. "Baiskeli, muulize ni wapi huko."

Mzee akalikung'uta gunia lake lililolowa.

"Baiskeli, muulize tena. Amesikia."

"Mwambie mama, hapa nje nimelinda miaka mingi. Nimezoea."

"Mwambie wakati huo alikuwa na koti la chama. Na mapafu."

Mimi hapo nilikuwa na mizaha ya pancha, ya kengele, ya breki. Badala yake nikaishika baiskeli usukani, isianguke. Watu hawa walinyang'anywa vyote, na bado walikuwa wamesimama pale wakipeana kitu nisichokijua jina.

"Baiskeli," bibi akaendelea, "mimi nimeuza pamba hapa tangu nikiwa msichana. Humu ndani si kulikuwa na ukuta? Pamba safi huku, pamba fifi, ile yenye takataka, kule?"

Mzee akakuna shingo. "Mwambie mama, ulikuwepo. Ulibomolewa, wakachukua matofali."

"Ujengwe."

"Ulikuwa unaishia kifuani."

"Huu ufike kwenye bati. Na mlango wa malori si uko kulekule nyuma?"

Kipofu alipomfafanulia Sista habari ya ukwe ule, Sista alishika mdomo. "Jamani! Nami nikawapanga watazamane!" Akakunja mikono ya gauni, akaenda kutafuta fito.

Niliwaambia wenzangu wa darasa kuna mchezo wa matope. Wakaja mbio, wakakuta ni kazi, wakabaki. Wazee walikanda udongo, kipofu akawa anaupapasa ukuta na kututangazia palipovimba. Bibi alikandika upande wake, na mkwewe upande wake. Ukuta ulipofika kifuani nilichungulia upande wa pili nimtanie yule mzee kidogo. Nilimkuta amepiga magoti. Mrefu vile, na kikohozi chake, anakandika magotini ili kichwa chake kisije kikatokeza kwa mama. Nikarudi kukanda udongo, na mzaha wangu nikaukandia humohumo. Wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Ukuta ulipogusa bati, mzee aliiambia baiskeli kwamba upande wa fifi ni wake. Akazungukia mlango wa malori, akaingia na gunia lake, na mvua ya jioni ile ikapiga baraza tupu.

Siku iliyofuata nilifika kwa miguu, dumu kichwani. Bibi alikuwa ametoka mlangoni kwake, mgongo kwa kona ya jengo. Kwenye kona hiyo nililiona bega la mzee.

"Baiskeli iko wapi?" bibi akaniuliza.

"Ina pancha."

"Basi simama hapohapo. Leo baiskeli ni wewe. Na baiskeli haina mdomo."

Nikasimama.

"Wewe baiskeli, muulize mwanangu kama usiku amelala pakavu."

Kona ilikohoa kidogo. "Mwambie mama, nimelala."

Maji yalikuwa yananitiririka shingoni mpaka mgongoni, na dumu sikuthubutu kulitua.