Gunia Lisilozungushwa

Harufu ya gunia la katani lililolowa, likakaukia kivulini, hadi leo inanikasirisha. Nasema inanikasirisha, sisemi inanihuzunisha, kwa sababu nimejizoeza kuviita vitu kwa majina yake. Juzi nilikuwa sokoni Temeke. Mchuuzi wa viazi akakung'uta gunia lake mbele yangu nami, mwanamke mzima mwenye miwani, nikamgombeza. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Nikanunua viazi vyake kwa aibu, nikaenda zangu. Ninyi nitawaeleza ambacho yeye sikumweleza.

Tuliishi Chang'ombe, watu wa Lindi sisi: baba, mama, shangazi Somoe na mimi. Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani. Ilikuwa miaka ya foleni na unga wa njano, na panya wa stoo yetu walinona kutuzidi. Kwa hiyo paka hakuwa pambo, alikuwa mfanyakazi. Wetu alikuwa wa kijivu, sikio moja limechanika, na tulimwita Balozi kwa sababu kila jioni alizikagua nyumba zote kumi, akichungulia vyungu. Balozi wa kweli, kiongozi wa nyumba zetu kumi, alipokuja kuhimiza mkutano, tulilazimika kumwita paka Pusi, naye hakuitika. Siku moja shangazi alisahau, akapaza sauti kutoka jikoni: "Toka hapo Balozi, mwizi mkubwa we!" Mgeni wetu akaweka kikombe chini polepole. Ilimchukua baba muda mrefu kulisawazisha jambo hilo.

Usiku paka huyo alilala miguuni pangu. Sikuwa na ndugu. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Nilikuwa darasa la tano uvimbe ulipoanza kwenye taya lake la kushoto. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya kunde. Ukawa kama ndimu, ukapasuka, akaanza kudondosha udenda wenye usaha. Alikaa mbele ya dagaa anaowataka, akafungua mdomo kidogo, akaufunga, akaendelea kukaa. Shangazi alimpaka manjano na mafuta ya nazi, akamwosha kwa maji ya chumvi. Mama alitwanga dagaa, nami nikamnywesha mchuzi wake kwa kijiko, na nusu yake ilimwagika kifuani mwake. Uti wa mgongo ukatokeza kama meno ya msumeno. Nyumba nzima ilinuka ugonjwa wake, na hakuna aliyelalamika.

Wala hakuna aliyesema tumpumzishe. "Paka hauawi," alisema shangazi, na akilitamka jambo hivyo lilikuwa limeisha. "Anayeua paka mikono yake itatetemeka mpaka aingie kaburini." Tulikuwa tunakula. Nilimwona baba akiitazama mikono yake. Mikono ile ndiyo iliyotulisha: iliweza kukaza skrubu ndogo kama punje ya mtama, gizani, kwa kupapasa tu.

Jumamosi moja nilimtia Balozi kwenye kikapu, nikampeleka kwa Bwana Mifugo, mtu wa bara aliyekuwa na kibanda nyuma ya machinjio, ambako kazi yake ilikuwa kukagua nyama na kuipiga mihuri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe wako yuko wapi?"

Nikafunua kikapu. Wachinjaji wawili waliokuwa wakinoa visu wakaangua kicheko. "Leo umepata mteja, Bwana Mifugo! Mkamue basi!"

"Nyamazeni nyie." Aliinama, akaufungua mdomo wa Balozi kwa kidole, akanusa, akanawa. Hakucheka. "Binti, hii ni saratani, haiponi. Atakufa kwa njaa, na njaa hiyo itachukua wiki. Dawa ninayo moja tu, ya sindano. Atalala, hataamka, hatasikia kitu. Kamwambie baba yako. Akikubali, mlete asubuhi yoyote."

Nyumbani mama aliuliza, "Kasemaje?"

"Hana dawa," nilijibu.

Sikuona kwamba nimedanganya. Dawa ya kuua, kwa akili yangu ya miaka kumi na mmoja, haikuwa dawa. Nilitaka aendelee kulala miguuni pangu.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka shule nikakuta kipande cha kanga alicholalia kimefuliwa na kuanikwa. Mama hakunitazama usoni. "Baba yako kampeleka Gongo la Mboto, kambini kwa wanajeshi. Wana jiko kubwa kule, wanamwaga makombo. Atapona."

Paka asiyeweza kumeza mchuzi alikuwa amepelekwa kula makombo. Nilikuwa mtoto, sikuwa mjinga. Nilijua wanavyofanya, kila mtu wa mtaa wetu alijua: kwa kuwa paka hauawi, paka asiyetakiwa hutupwa. Anatiwa kwenye gunia, anapelekwa mbali, na kabla ya kufungua unalizungusha gunia hewani mara tatu ili asahau njia ya kurudi. Unaondoka mikono yako safi. Akifa njaa, ni njaa. Akiliwa na mbwa, ni mbwa. Wewe hukuua. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vingine virefu, na sijakutana na ujanja wa woga unaoushinda huo.

Jioni baba aliingia na gunia tupu kwapani. Lilikuwa limelowa. Alilitundika ukumbini, kwenye msumari wake, kwa sababu kila kitu cha baba kilikuwa na msumari wake. Sikumwamkia. Siku ya pili sikumwamkia. Siku ya tatu mama alinizaba kofi mbele ya jirani: "Baba yako humpi shikamoo, umekuwa nani?" Baba akasema, "Mwache." Hilo likanichoma zaidi ya kofi. Nilitaka anipige, nipate sababu ya pili.

Asubuhi ya tano Balozi alikuwa mlangoni pa uani.

Kutoka Gongo la Mboto hadi kwetu ni Barabara ya Pugu karibu yote. Alikuwa ameitembea, sijui kwa siku ngapi, na taya lile. Makucha ya mbele yalikuwa yamelika. Jicho la upande wa uvimbe lilikuwa limezibwa na nzi. Aliponiona alijaribu kulia, ikatoka hewa tu.

Shangazi alishika kiuno. "Kaka, wewe hukumzungusha!"

"Nilisahau," alisema baba.

"Umesahau! Wewe unayeamka usiku kuhakikisha komeo mara mbili, leo usahau?"

Baba akachukua baiskeli yake, akaenda kazini bila kunywa chai. Nami sikwenda shule. Nilimfunika Balozi kwa ile kanga iliyofuliwa, nikamweka kwenye kikapu, nikashika njia ya machinjio. Nilitembea nimeuma meno. Nilimchukia baba, nilimchukia shangazi na gunia lake la kuzungushwa, niliwachukia watu waliopishana nami na mikate yao mikononi.

"Baba yako amekubali?" aliuliza Bwana Mifugo.

"Amekubali."

"Basi mshike kichwa. Ongea naye, akusikie."

Sikuwa na la kumwambia paka. Nikamtajia nyumba kumi, moja moja, kwa mpangilio aliokuwa akizizunguka. Kwa Mama Tatu, kwa Mzee Likongo fundi vinyago, kwa walimu wawili wa Songea. Nilipofika ya saba kichwa kilikuwa kizito kiganjani mwangu.

Nilimzika karibu na kitalu cha mchicha. Nilikuwa bado nachimba baba aliporudi. "Amekufa?" "Amekufa." Alinipokea jembe, akachimba mpaka shimo likafika kiunoni mwake, shimo la mtu, akalisawazisha pande zote. Sikumwambia nilikotoka. Kwa wiki nzima majirani walikuwa wakiuliza, "Balozi hapiti siku hizi?" na mama akawa anapika dagaa bila vichwa, ili kusiwe na cha kubaki.

Kila asubuhi, kwa miaka, nilijaza kikombe maji hadi ukingoni nikakinyoosha mbele, nione kama mikono yangu inaanza kutetemeka. Haikuanza.

Ya baba ilianza. Alikuwa amestaafu. Kwanza kidole gumba, kisha mkono mzima, hadi chai ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Shangazi, mzee kabisa sasa, alisema alichosema. Nikawa nakwenda kwa baba jioni kumshikia kikombe.

"Na mie yule paka sikumuua," alisema siku moja, kana kwamba nimemuuliza. "Hata gunia sikulizungusha. Nilifungua tu, nikakaa naye kando ya barabara mpaka mvua ikaninyeshea. Nilisema, akijua njia, shauri yake. Mama yako aliniambia Bwana Mifugo hana dawa. Angekuwa nayo ningempeleka mwenyewe, siku hiyo hiyo. Sindano ya serikali, mkono wa serikali. Dhambi iko wapi hapo?"

Akafungua mdomo asubiri chai.

Nilikuwa nimemkasirikia mtu yule miaka thelathini. Njia yote ile ya Pugu, kila ukucha uliolika, niliiandika kwa jina lake. Na neno lililomtia Balozi kwenye gunia lilikuwa langu, maneno mawili, nimesimama mlangoni na kikapu. Hasira haikuondoka niliposikia. Ilibaki ilivyo, ila sasa ilikuwa haina pa kwenda.

Sikumwambia. Nilimpelekea kikombe midomoni, kimejaa hadi ukingoni, na halikumwagika hata tone.