Kibao cha Choo

Kiwandani kwetu tuko wanawake arobaini tunaoshona mashati, na kibao cha ruhusa ya kwenda choo ni kimoja. Kinaning'inia msumarini nyuma ya kiti cha msimamizi. Bila kibao huendi. Ukikifuata mara ya tatu, anakuuliza mbele ya watu kama umekuja kushona au kukojoa.

Wifi yangu, mke wa kaka, hushona vifungo pembeni yangu. Alipoanzishiwa dawa ya presha, ile ya kutoa maji mwilini, nesi alimwambia ameze kidonge kimoja kila asubuhi, asiruke hata siku moja, na asiogope kwenda haja ndogo mara kwa mara. Wiki ya kwanza alikifuata kibao mara tano kwa siku. Nami, kwa utani wetu wa mawifi, nikapaza sauti: "Wifi, si uhamishie mashine huko huko!" Ukumbi mzima ukacheka, msimamizi akacheka kuliko wote.

Kumbe tangu siku hiyo akawa anameza Jumapili tu. Kliniki wakipima, presha iko juu. Wakadhani dawa haitoshi, wakamwandikia viwili. Jumapili akameza viwili, akashinda chooni asubuhi nzima, kisha akachutama kufua. Alipoinuka ghafla, kizunguzungu kikamtupa chini. Nilimkuta sakafuni, paji la uso limepasuka.

"Una akili kweli wewe?" nilimfokea huku nikimfuta damu, aliponieleza yote. "Mficha maradhi, kilio humfichua!"

"Wifi, nikifukuzwa watoto watakula nini?"

"Na ukifa?"

Akanitazama. "Mlinicheka," akasema.

Hasira niliyokuwa nayo kwake ikanigeukia mwenyewe, ikaniunguza.

Alipousema ukweli kliniki, walimrudisha kwenye kidonge kimoja, wakamsisitiza akimeze kila siku na akiinuka ainuke taratibu. Siku aliyorudi kazini alimeza nikiona. Saa tatu akainuka, taratibu kama alivyofundishwa, akaenda kukifuata kibao.

Msimamizi akakifunika kwa kiganja. "Tumeanza tena?" akasema, akatugeukia akingoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Nilizima mashine, nikaenda nikausukuma mkono wake, nikakichomoa kibao msumarini. Na mimi pia nina watoto.

"Nenda hivyo hivyo, wifi," nikasema, kibao nimekishika mwenyewe. "Na kesho nenda tena."