Arubaini ya Samaki

Mume wangu alifuga diskasi ukumbini kwetu, Mji wa Kale, katika tangi la kioo lililochukua mahali pa kochi. Ni samaki bapa, mviringo kama sahani. Nilinung'unika juu ya kochi, sikatai, lakini samaki wenyewe sikuwachukia. Maji ya kisima chetu yana chumvi na wao hawayawezi, kwa hivyo alikinga ya mvua paani, akayalaza pipani siku nzima kabla ya kuwabadilishia. Mara tatu jike alitaga na mara tatu mayai yakaota ukungu. Mara ya nne yakaanguliwa. Watoto walipoanza kuogelea aliniita kutoka jikoni kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi.

Kesho yake akapigiwa simu kwamba mamake ameanguka, huko Likoni. Akavuka feri asubuhi hiyohiyo. Aliniagiza nibadilishe maji kidogo kila siku, na zaidi ya hapo nisitie mkono tangini. Nikamuuliza watoto watakula nini. Akasema wazazi wao wanajua, kisha akacheka: "Wewe kanda wazazi wako, hawa niachie mimi." Maana kazi yangu ndiyo hiyo, kukanda wanawake waliojifungua.

Siku ya pili niliwaona watoto wamemganda mama ubavuni, wanamdonoa. Alikuwa amepiga weusi, pezi limechanika, na kila akigeuka wanamfuata. Baba ametulia pembeni, au mimi ndivyo nilivyomwona. Miaka mingi nimeingia kwa wazazi walio ndani ya arubaini. Mzazi hukandwa kwa maji moto, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto akimchosha hupokewa na wengine ili mamake alale. Sijawahi kuona mzazi akiachwa aliwe na wanawe. Nikamteka yule samaki mama kwa bakuli, nikamtia kwenye ndoo safi yenye maji ya lile pipa, nikaifunika kanga. Niliona nimefanya jambo la utu.

Jioni mume wangu akapiga simu.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama yao?"

"Hajambo pia."

Nyuma yake nilimsikia mamake akiugua, nikaona haya kumtwika habari za ndoo.

Siku ya tatu watoto walitawanyika. Wakimwendea baba, naye anawakimbia. Nikawasagia kiini cha yai, hawakukigusa, maji yakachafuka. Jioni akauliza tena, nami nikajibu vilevile. Lile jibu la kwanza naweza kusema lilikuwa adabu. La pili siwezi kuliita hivyo, kwa kuwa wengine walikwisha kulala chini na nilikuwa nimewaona.

Asubuhi nilimrudisha mama. Akazunguka tangi mara kadhaa. Sitasema alikuwa akiwatafuta, kwa kuwa sijui. Hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyebaki akiogelea.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote, sikuficha. Akainama mbele ya kioo.

"Ngozi ya mama yao hutoa ute," akasema. "Ndiyo maziwa yao."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia," akakubali. "Lakini nilikuuliza kila jioni."

Kama ningemtajia ile ndoo alipouliza mara ya kwanza, angeniambia nimrudishe, na huenda wengi wangepona. Au pengine wasingepona. Yeye mwenyewe husema diskasi ni wagumu. Lakini nafasi ya kuwaokoa ilikuwa yake, nami ndiye niliyeizuia.

Baadaye aliwatoa wale wazazi wawili kwa rafiki yake wa Buxton. Alisema mamake sasa anamhitaji, hana tena wakati wa kulaza maji. Yawezekana ni hivyo, maana kweli huvuka feri kila baada ya siku moja. Nilimuuliza kama ni kwa sababu yangu. Akasema la, akaendelea kukunja mpira wa maji. Sikumuuliza tena.