Burga Kapita

Wakati wa baridi, nyumba ya wapanda milima ya Schafkar huwa na mtu mmoja tu, naye ni mtunzaji wake, Notburga, mjane ambaye bonde zima linamwita Burga. Dhoruba zikifuatana, anaweza kumaliza wiki nzima bila kusikia sauti ya binadamu isipokuwa yake mwenyewe, akilitukana jiko. Kazi yake nyingine, ambayo hakutumwa na mtu, ni kuchora njia: anavaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, anashuka mpaka msituni na kupanda tena, na mfereji anaouacha kwenye theluji ndio wageni wanaoufuata. Watu wa huko wana uvivu wao mmoja. Taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji hutoka kila jioni, lakini wao huuliza tu, "Burga kapita?" Akiwa kapita, mjadala umekwisha.

Jumamosi hiyo alikuwa akimngoja Kassian, mwanawe wa pekee, aliyemnunia tangu yeye Burga alipokataa kuhamia mjini Innsbruck baada ya kufiwa na mume. Kwa miaka mitatu Kassian hakukanyaga Schafkar. Juzi tu alipiga simu akasema anakuja. Burga alifua mashuka yaliyokuwa safi. Ijumaa alichora njia kwa uangalifu kuliko siku zote, hewa ikiwa imetulia na theluji imeshikana vizuri.

Usiku ukaja upepo. Asubuhi alitoka akaona ukingo wa juu wa mteremko mkubwa, ule ambao njia inaukata katikati, umevimba kwa theluji mpya iliyopeperushwa kutoka upande wa pili. Akakanyaga kidogo pembeni, mahali tambarare. Theluji ikaguna chini ya miguu yake, ikazama, na ufa mwembamba ukakimbia mbele yake, dalili kwamba theluji ya juu haijashikana na ya chini na inaweza kuporomoka. Na kule katikati vipande vya njia yake ya jana bado vilionekana, vinamkaribisha yeyote. Alisimama akijidanganya kwamba mtu mmoja, akipita upesi, hawezi kudhurika. Kisha akapiga simu.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Nakaribia kutoka msituni. Weka kahawa, mama!"

"Rudi."

"Nini?"

"Upepo umeujaza mteremko usiku kucha. Usitoke kwenye miti. Rudi."

Kassian akacheka. "Nimeshaiona njia yako hapo juu. Bonde zima linaapa kwa jina lako, halafu wewe mwenyewe unajikana?"

"Burga kapita jana. Leo hajapita, wala hapiti."

"Mama, Jumatatu nina kazi. Nikirudi leo, ndiyo basi tena."

"Najua. Rudi."

"Sema tu hutaki nije. Usiusingizie mlima."

Neno hilo lilimchoma, lakini hakuwa na muda wa kuuguza moyo. Alichukua skii na koleo, akaenda mpaka kwenye kigongo cha mawe ambacho maporomoko hayakifiki, akaifukia njia pale inapotokea mteremkoni, kisha akazichomeka skii zikiwa zimepishana kama msalaba, ishara kwamba njia imefungwa. Akasimama kando yake na koti lake jekundu ili aonekane. Chini kabisa, umbo dogo jeusi la mtu likatokea kati ya miti, likasimama. Burga alitamani kumpungia mkono. Hakupunga, kwa kuogopa kwamba mwanawe atadhani anaitwa. Walitazamana hivyo muda mrefu, mpaka Kassian akageuka na msitu ukamficha.

Mteremko haukuanguka. Mchana kutwa Burga aliukodolea macho dirishani, na nitasema asichoweza kukisema yeye: aliuombea uanguke. Hata kipande tu, mwanawe apate kuamini. Mlima ukakaa mweupe, mzima, bila haya.

Jioni simu ikalia.

"Nilikaa garini nautazama," Kassian akasema. "Haukuanguka."

"Haukuanguka."

"Kwa hiyo ningefika."

Angeweza kumweleza habari za upepo, za ufa, za theluji iliyoguna. Alichoka kabla hajaanza.

"Huenda ungefika," akasema. "Ningekuwa nakula na wewe sasa hivi. Unadhani silijui hilo?"

Kassian hakuikata simu. Burga akaiweka mezani karibu na sahani, akala tonge moja la mkate, polepole, akimsikiliza mwanawe anavyopumua.