Kibakuli cha Mgawa Maji

Mgawa maji wetu hana saa. Ana chungu cha maji na kibakuli cha shaba chenye tundu kitakoni. Kikielea, mwenye zamu anamwagilia shamba lake, kikizama, zamu imekwisha. Kila asubuhi hulizibua tundu kwa unywele wa mkia wa mbuzi, kisha hukaa akikikodolea macho kama paka mbele ya shimo la panya. Mkulima mwenzetu, Mzee Esfandiyar, aliwahi kumwonyesha saa ya mkononi kibakuli kilipozama.

"Bado dakika mbili, bwana."

"Basi kamwagilie kwa hiyo saa."

Kiangazi hiki maji ya mfereji yalipungua, ikafika zamu ya nyumbani kwa mgawa maji mwenyewe. Mkewe alikuwa na jembe mkononi, nusu ya mikomamanga yake haijaonja maji, nasi tumesimama tunatazama.

"Kimezama."

"Baba Mahin, safu moja tu."

"Mama Mahin, kimezama."

Akaufunga mfereji kwa mikono yake, akarudi kwenye chungu. Wakati wa mavuno tulimpelekea kapu la makomamanga. Akalirudisha bila hata kulifunua. Hatujafika njia panda, tukamwona mkewe anatufuata mbio, amebeba kapu lake tupu.